Kiti Namba Themanini na Saba

Barua iliyotoka Wete ilituita Kamati ya Tamasha la Filamu
za Mazingira na Haki za Binadamu, Konde.
Sisi tulijijua: watu watano na jenereta.

Mimi nilikuwa mtu wa viti.
Mia na arubaini, vya Bi Raya, vile vya harusi,
vimepigwa namba mgongoni kwa rangi nyeupe,
na kikivunjika kimoja ni elfu kumi na mbili.
Hana huruma Bi Raya, wala simlaumu.

Shaame, fundi redio, ndiye aliyeelewana na projekta;
aliisemesha kama anayembembeleza mtoto anywe dawa.
Zuwena alishona pazia, shuka nne,
mshono ukapita katikati,
hata kila uso uliokuja pale usiku ule
ulikuja na kovu la wima.
Mwalimu Ussi alitafsiri filamu za wageni,
moja ya popo, moja ya wanawake wanaodai kisima chao.
Na Kazija ndiye aliyepiga ile yetu, ya mikoko,
kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Dakika kumi na tisa.

Dakika ya kumi na moja yumo Asaa Mbwana,
shoka begani, maji ya magoti.
Anageuka, anaiona simu. Hakimbii.

Tukagombana siku tatu kwa dakika ile.
Ussi: pwani imebaki kipara, watu wamwone.
Zuwena: na haki zake je? Si tumeziandika kwenye bango?
Shaame: mfunikeni uso, tulale.
Kazija kimya. Asaa ni mjomba wake,
na sare zake za skuli, tangu darasa la kwanza,
zilitoka kwenye tanuri lile la makaa.

Mwisho tukenda kwake, wote watano,
kama watu waliokuja kuposa.
Aliitazama mara mbili, simu kaiweka mbali na macho.
"Ndiye mimi huyu? Nimekonda hivi?"
Kisha: "Onyesheni. Lakini nina neno, nalo liwekeni."

Kwamba walimkamata Mfunguo Tatu,
wakamlaza ghalani siku mbili,
akauza mbuzi, akalipa laki na nusu.
"Faini siikatai. Nilikata, nikatozwa.
Ila risiti sikupewa.
Sasa zile pesa zimepanda mkoko upi?"

Usiku wenyewe jenereta lilizima mara mbili.
Katika filamu ya popo, popo wa kweli, wa Ngezi,
wakakatiza mwanga,
na watoto wakavipigia makofi vile vivuli
kuliko walivyoipigia filamu.
Lilipofika neno la risiti watu walicheka.
Halafu nyuma kabisa, penye giza, mtu akasema, "Na mimi."
Na mwanamke: "Na mume wangu."
Sheha, kiti cha mbele, akaanza kutafuta kitu mfukoni,
akatafuta mpaka filamu ikesha.

Asubuhi nikahesabu viti: mia na thelathini na tisa.
Nikahesabu tena, nikivigusa kimoja kimoja.
Saa tatu Asaa akatokea barabarani,
kiti kichwani, mguu anauburura.
"Goti lilinigomea jana.
Nikawa nenda, nakaa; nenda, nakaa; mpaka nyumbani."
Akakitua mbele yangu.
"Haya, niandikie."
"Nikuandikie nini?"
"Kwamba nimerudisha."

Nikaandika nyuma ya ratiba ya tamasha:
Nimepokea kiti kimoja, namba 87,
kutoka kwa Asaa Mbwana, kikiwa kizima.
Tarehe. Sahihi.
Akaisoma yote, akageuza, akasoma na ratiba,
akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia.

Mguu wa nyuma una ufa.
Bi Raya anakuja adhuhuri.